Gari linapochemsha: Ugonjwa uko wapi?

KATIKA buti za magari mengi ya zamani yanayofanya safari kati ya Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, dumu la maji la lita tano halikosekani. Maji hayo si ya kunywa wala ya kunawa. Ni ya rejeta. Dereva anayepanda vilima kuelekea Kanazi, huku kiti cha nyuma kimejaa abiria na mikungu ya ndizi imefungwa juu ya paa, anafahamu kwa mazoea ni kona ipi mshale wa joto utakapoanza kupanda, ataegesha wapi, na jiwe la kukinga tairi liko upande gani wa barabara.

Mazoea hayo yana gharama. Kila gari linapochemsha na kutulizwa kwa dumu, chuma cha injini hupanuka kupita kiasi kisha kusinyaa, gasketi hulegea, na siku moja kilichoanza kwa mvuke chini ya boneti huishia kwa injini kunoki. Mwenye gari huambiwa atafute injini nyingine iliyotumika, wakati chanzo cha awali pengine kilikuwa kifuniko cha rejeta, mojawapo ya spea za bei ndogo kabisa dukani.

Kuchemsha si ugonjwa bali ni dalili, kama ilivyo homa kwa binadamu. Homa inaweza kuwa ya malaria, ya taifodi au ya jino bovu, na hakuna daktari makini anayeandika dawa kabla ya kuuliza homa hupanda saa ngapi. Kwa gari swali ni hilo hilo: linachemsha lini? Jibu la swali hilo pekee hupunguza orodha ya watuhumiwa kwa zaidi ya nusu, na halihitaji spana hata moja.

Kanazi ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Ngara, wilaya ya vilima inayopakana na Rwanda na Burundi. Mto Kagera, pale unapopita katika mpaka wa Rusumo, uko takriban mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na vilima vingi vya Ngara vinazidi mita 1,500. Anayetoka mtoni hupanda, tena kwa gia nzito. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, mfano wa karibu ni magari yanayoelekea mikoani mwishoni mwa mwaka: gari lililozoea Kimara hadi Posta hupakizwa familia nzima na mizigo, kisha hutakiwa kwenda zaidi ya kilomita 1,200 hadi Ngara, likipita mlima wa Sekenke mkoani Singida. Ubovu uliojificha kwenye foleni kwa miezi kadhaa hujitangaza hapo.

Zamani kulikuwa na sababu nyingine ya kuogopa kuchemsha katika njia hiyo. Katika miaka ya 1990 na 2000, ujambazi wa kutumia silaha ulipokithiri, magari yaliyopita katika mapori ya Biharamulo na Ngara yalisafiri kwa misafara iliyosindikizwa na polisi. Gari lililosimama katikati ya pori kwa sababu ya mpira wa maji uliopasuka halikuwa suala la fundi pekee.

Joto lazima litoke

Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo sehemu ndogo tu ya nguvu iliyomo katika mafuta, robo hadi theluthi moja kwa magari mengi ya zamani. Inayobaki ni joto. Sehemu kubwa hutoka kwa eksozi, na sehemu inayokaribiana nayo lazima ichukuliwe na maji yanayozunguka ndani ya bloku na silinda hedi, yapelekwe kwenye rejeta na kukabidhiwa upepo.

Mzunguko huo una walinzi wachache wanaotegemeana. Pampu husukuma maji. Themostati, ambayo ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto, huyazuia yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto wa kutosha, kwa kawaida nyuzi 82 au 88 za Selsiasi kutegemeana na gari. Feni huvuta upepo pale gari linapokwenda taratibu au limesimama. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha. Mmoja akishindwa, wengine hujitahidi kwa muda, na ndiyo maana gari bovu linaweza kwenda vizuri kwa wiki kadhaa kabla ya kudhihirisha ubovu wake mlimani.

Kifuniko hicho kinastahili kuzungumziwa kwanza kwa sababu ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, na kwa sababu umuhimu wake huongezeka kadiri gari linavyopanda juu. Pwani, maji matupu huchemka kwa nyuzi 100. Katika mwinuko wa mita 1,500, yaani nchi ya Ngara, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwa takriban nyuzi 95. Anayepika maharage huko anaujua ukweli huo hata kama hajawahi kuusoma. Injini yenye afya, kwa upande wake, hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95, na huzidi hapo ikibanwa na mlima. Bila presha, maji yangechemka kabla injini haijawa na kosa lolote.

Kifuniko kizima chenye namba 0.9, ambacho ni cha kawaida kwenye Toyota nyingi, hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120 pwani na takriban nyuzi 115 katika mwinuko wa Ngara. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, kinga hiyo yote hupotea. Gari lenye kifuniko kibovu linaweza kuishi Dar es Salaam bila kugundulika, kisha likachemsha siku ya kwanza linapofika milimani, na mwenyewe akailaumu barabara.

Kukikagua si kazi kubwa. Injini ikiwa imepoa kabisa, kifuniko hufunguliwa na raba yake kutazamwa kama ina nyufa, imekakamaa au imebonyea. Chini yake kuna vali ndogo ya kurudisha maji kutoka kwenye mtungi wa akiba. Inapaswa kuvutika kwa ukucha na kurudi yenyewe. Vali hiyo ikikwama, dalili yake ni ya kipekee: baada ya gari kupoa, mpira wa juu wa rejeta huonekana umenywea kama mrija wa juisi ulionyonywa sana. Dalili nyingine ni mtungi wa akiba unaojaa kila safari ilhali rejeta yenyewe inapungua. Maji yanatoka, hayarudi.

Lini, na wapi

Gari likichemsha kwenye foleni au likiwa limesimama, kisha mshale ukashuka mara linapokwenda kasi, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Upepo wa barabarani unafanya kazi ambayo feni ilipaswa kuifanya. Kwenye magari yenye feni ya umeme, injini huachwa ikinguruma hadi ipate moto, na feni lazima isikike ikiwaka kabla mshale haujafika eneo jekundu. Isipowaka, hukaguliwa fyuzi, rilei, waya na swichi ya joto, kwa utaratibu huo, kabla ya kununua feni. Njia ya mkato inayofahamika ni kuwasha kiyoyozi: katika magari mengi feni hulazimika kuwaka pamoja nacho. Ikiwaka kwa kiyoyozi na isiwake kwa joto, mota ni nzima na kosa liko kwenye swichi au waya zake.

Magari ya kazi, kama vile Hilux, Hiace na Land Cruiser, mengi yana feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa na ingali ya moto, feni hiyo huzungushwa kwa mkono. Inapaswa kuleta ukinzani. Ikizunguka mara kadhaa yenyewe kama pangaboi, mafuta ya klachi yamekwisha na inapeperusha upepo kidogo tu. Wapo mafundi wanaoifunga klachi hiyo kwa bolti ili feni izunguke muda wote. Dawa hiyo hufikisha gari nyumbani, lakini hula mafuta na kelele zake hazivumiliki.

Gari likiwa na tabia ya kinyume, yaani limetulia mjini lakini linachemsha kwenye mwendo kasi au mlimani, feni haihusiki. Hapo joto linalozalishwa ni kubwa kuliko linaloweza kuondolewa, na kosa liko kwenye mzunguko wa maji: rejeta imeziba, themostati haifunguki kikamilifu, au pampu imechoka.

Rejeta huziba kwa namna mbili. Ya nje huonekana kwa macho. Vumbi jekundu la barabara za changarawe, mbegu za nyasi na wadudu hujipanga katikati ya rejeta ya maji na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake, mahali ambapo muosha magari hafiki. Huoshwa kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine za kuoshea zenye presha kubwa hulaza mapezi yake na kuharibu kazi iliyokusudiwa.

Ya ndani ni mbaya zaidi, na hapo ndipo lile dumu linaporudi kushtakiwa. Maji ya kisima au ya bomba huwa na chumvi na chokaa ambavyo hubaki kwenye mirija kila yanapochemka, kama ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji matupu pia hula chuma, na kutu hiyo husafiri hadi kwenye rejeta na kugeuka tope la kahawia. Dalili yake huonekana kifuniko kinapofunguliwa: maji yenye rangi ya chai ya rangi. Fundi mwenye kipimajoto cha miale anaweza kupima uso wa rejeta wakati injini ina moto. Sehemu zilizoziba huonekana baridi kuliko jirani zake.

Inafaa kusema hapa kwamba mafundi wa zamani wanaotetea maji matupu hawakosei moja kwa moja. Maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Kazi ya kulanti ni nyingine: huzuia kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda pampu. Ndiyo sababu huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na kumimina kulanti tupu yenye nguvu hakuongezi ubaridi bali huupunguza. Nyingine huuzwa zikiwa zimechanganywa tayari, hivyo maandishi ya kwenye chupa yasomwe. Rangi pekee si ushahidi wa chochote, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimu mtengenezaji kutumia rangi fulani.

Maji yanapopotea bila kuonekana

Rejeta isiyo na tundu haipaswi kudai maji kila wiki. Ikidai, yanakwenda mahali. Chini ya gari lililolala usiku kipande cha boksi hutandikwa, na asubuhi doa lake husomwa: lilipo mbele ni la rejeta au mipira yake, lilipo upande wa mikanda mara nyingi ni la pampu. Pampu ya maji ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na mtengenezaji ili sili ya ndani ikichakaa maji yatokee hapo. Ukoko wa rangi ya kulanti chini ya kitundu hicho ni taarifa kwamba pampu imeanza safari yake ya mwisho. Pia huweza kupiga kelele ya beringi, au puli yake ikawa inacheza ikishikwa na kutikiswa. Uvujaji mwingine hutokea ndani ya gari, kwenye rejeta ndogo ya hita. Zulia la upande wa abiria hulowana na vioo hupata ukungu wenye harufu tamu.

Mipira ya maji hubinywa ikiwa ya baridi. Inayolainika kama chapati au inayolia kwa kukakamaa imekwisha muda wake. Kwa magari yaliyotoka Japani yakiwa na miaka kumi na zaidi, mipira ya awali mara nyingi bado ipo, ikiwa na umri uleule wa gari.

Hapa panahitaji tahadhari kuhusu mshale wenyewe. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990, mshale umetengenezwa usimame katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike. Ukianza kusogea, hali tayari ni mbaya. Baadhi ya magari madogo hayana mshale kabisa, yana taa ya buluu ya ubaridi na nyekundu ya joto. Lililo hatari kuliko yote ni kwamba kihisi husoma joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha kabisa, kihisi hubaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukaporomoka ghafla, huku nguvu ya gari ikipungua, si nafuu.

Themostati inayong'olewa

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, tiba ya kwanza ya gari linalochemsha ni kung'oa themostati na kuitupa, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Maelezo hayo si sahihi. Bila themostati, injini huchelewa kupata moto, huchoma mafuta mengi, oili yake haisafiki, na chuma husagika haraka. Katika injini zenye kompyuta, kompyuta huamini gari bado lina baridi na kuongeza mafuta.

Isitoshe, katika injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi mbili kwa pamoja: ikifungua njia ya rejeta, sahani yake ya nyuma huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji huzunguka bila kuiona rejeta. Mwenye gari aliyelipia tiba huondoka na gari linalochemsha zaidi mlimani kuliko alivyokuja nalo.

Kuipima ni jambo la jikoni. Hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini, na maji hupashwa. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Kwa wakazi wa milimani kuna angalizo dogo: themostati nyingi hufunguka kikamilifu karibu na nyuzi 95 au zaidi kidogo, na sufuria ya Ngara haiwezi kuvuka hapo. Isiyofika mwisho katika sufuria hiyo haijathibitika kuwa mbovu. Isiyofunguka kabisa imethibitika. Kabla ya kuitoa, dalili yake garini ni mpira wa rejeta ulio baridi wakati injini inaungua.

Gasketi: habari mbaya

Kosa linaloogopwa zaidi ni gasketi ya silinda hedi, na ndilo linalotajwa ovyo zaidi. Gasketi hiyo hutenganisha moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua, presha ya mlipuko huingia kwenye njia za maji na kuyasukuma nje. Mara nyingi haikufa yenyewe. Iliuawa na kuchemsha kwa mara kadhaa kulikotokana na kifuniko, feni au rejeta. Anayebadilisha gasketi bila kutafuta kilichoiua atarudi gereji.

Ushahidi wake hukusanywa asubuhi, gari likiwa baridi. Kifuniko hufunguliwa, maji hujazwa hadi juu, injini huwashwa. Mapovu yanayotoka mfululizo tangu dakika ya kwanza, yakiongezeka dereva anapokanyaga mafuta, ni ya gesi ya silinda. Vilevile, kifuniko kikiwa kimefungwa, mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili ilhali ungali baridi, presha hiyo haikutokana na joto. Injini inayokohoa kila asubuhi kwa silinda moja kisha ikatulia, moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, na plagi moja iliyo safi kuliko wenzake ni ushahidi wa nyongeza.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia humaanisha maji yameingia kwenye sampu, na injini hiyo isiwashwe tena. Lakini utando mdogo wa aina hiyo chini ya kifuniko cha oili pekee, kwa gari linalofanya safari fupi fupi, unaweza kuwa unyevu tu. Injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya utando huo. Kwa magari ya gia za otomatiki, mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Rejeta ikitoboka ndani, maji na mafuta ya gia huchanganyika, na gia boksi huharibika kabla dereva hajaelewa kinachoendelea.

Kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, mwenye gari ana haki ya kudai vipimo. Kuna kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kugeuka njano kikikutana na gesi ya eksozi. Kuna pampu ya mkono ya kujaza presha kwenye rejeta na kuona kama inashuka, na kuna kipimo cha kompresheni ya kila silinda. Gereji isiyo na hata kimoja kati ya hivyo inakisia.

Hedi ikishafunguliwa, irudishwe tu baada ya kupimwa kwa rula ya chuma. Injini nyingi za petroli zinazotembea nchini zina hedi ya aluminiamu, ambayo hupinda haraka, na mwanya unaoruhusiwa kwa kawaida ni wa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Iliyopinda hupelekwa kuchongwa kwenye mashine, si kusuguliwa kwa msasa kwenye meza. Kwa wenye dizeli za Toyota aina ya 2L-T na 1KZ-TE, hedi zao zina historia ya kupasuka, hivyo zipimwe nyufa kabla ya kununua gasketi.

Yapo pia makosa yasiyogusa maji kabisa: taimingi ya plagi iliyochelewa, breki zinazokwama, kichujio cha eksozi kilichoziba, na mzigo uliozidi. Fundi aliyebadilisha rejeta, pampu na themostati bila mafanikio anapaswa kugeukia huko.

Barabarani

Mshale ukipanda safarini, kiyoyozi huzimwa na hita hufunguliwa kwa moto wote, kwa kuwa nayo ni rejeta ndogo. Hita ikipuliza baridi wakati mshale uko juu, maji yamepungua na gari lisimame mara moja. Boneti hufunguliwa, lakini kifuniko cha rejeta hakiguswi kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyo chini ya presha yana joto kuliko yale ya sufuria jikoni, na presha ikiondolewa ghafla hugeuka mvuke na kurukia uso na mikono ya aliyeinama. Majeraha hayo huwapata zaidi utingo na vijana wanaotumwa kufungua.

Maji baridi hayamwagwi juu ya injini wala ndani yake ikiwa na moto, hedi hupasuka. Ikishapoa, kifuniko hufunguliwa kwa kitambaa kizito, robo mzunguko kwanza, kisha maji huongezwa kidogo kidogo injini ikinguruma. Vipo vya kuziba tundu vinavyosifiwa vijiweni, kuanzia yai hadi unga wa pilipili manga. Vinaweza kulifikisha gari mjini, na vinaweza pia kuziba mirija ya rejeta iliyobaki hai. Anayevitumia aeleze gerejini, ili mfumo wote uoshwe.

Baada ya matengenezo yoyote ya mfumo wa maji, hewa iliyobaki ndani lazima itolewe, hasa kwa Hiace na magari mengine ambayo injini yake imekaa chini ya viti. Gari huegeshwa pua ikiwa juu ya mwinuko, jambo ambalo Kanazi halina shida, hita hufunguliwa, na injini huachwa ikinguruma kifuniko kikiwa wazi hadi themostati ifunguke na mapovu yakome. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, kiwango hutazamwa tena. Kikiwa kimeshuka kidogo, ilikuwa hewa, na kiongezwe. Kikishuka tena asubuhi ya tatu na ya nne, gari lirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo, na dumu libaki nyumbani.